Mhusika Aliyeandikwa Kabla ya Kufika

Sisi tunaojifunza kuandika hadithi tunaonywa mapema juu ya kosa moja. Ukimwandika mganga mwenye macho mekundu, mama wa kambo mkatili na tajiri mwenye kitambi, usidhani umeandika watu. Umeandika vinyago. Mhariri akiwa na huruma atakurudishia karatasi zako na neno moja pembeni, akiwa hana huruma atazitupa kapuni, na hasara yenyewe haizidi hapo. Lakini ipo nchi ambako kosa hilohilo lilikabidhiwa magari, mbwa na bastola, likapewa na jina la kiofisi. Waliliita wasifu, yaani maelezo ya mhalifu yaliyokwisha kuandikwa kabla mtu mwenyewe hajatokea barabarani. Nataka kusimulia habari za wasifu huo, namna ulivyoandikwa, namna watu walivyojaribu kuufuta, na kwa nini haufutiki kirahisi.

Alfajiri ya tarehe 8 Mei 1992, gari aina ya Cadillac lililokodiwa lilikuwa linapita katika milima ya magharibi ya jimbo la Maryland, Marekani, karibu na mji wa Cumberland. Ndani yake walikuwamo watu wanne wa ukoo mmoja: mjomba, shangazi na vijana wawili wa kiume. Walikuwa wametoka Chicago kumzika babu yao, wakasafiri usiku kucha maana asubuhi hiyo mmoja wao alitakiwa awe kazini Washington. Wote walikuwa weusi. Askari wa jimbo akawasimamisha, akasema mmekwenda kasi. Hadi hapo hakuna ajabu. Dereva akatoa leseni. Kisha askari akaleta karatasi nyingine, akataka wakubali kwa maandishi gari lipekuliwe.

Sasa hapo ndipo yule askari alipokutana na jambo ambalo wasifu wake haukumwandaa. Mmoja wa wale vijana, Robert Wilkins, alikuwa wakili. Tena si wakili wa mikataba ya viwanja. Alikuwa amesoma sheria Harvard, na kazi yake ya kila siku ilikuwa kuwatetea washitakiwa wasio na fedha katika mahakama za Washington. Sheria ya upekuzi aliijua kama konda anavyojua vituo. Akamwambia askari, kwa adabu, kwamba hana haki ya kuwazuia bila sababu ya msingi ya kuwashuku. Askari akajibu kama askari wa duniani kote wanavyojibu: kama hamna mnachoficha, mnaogopa nini?

Wakakataa kutia saini. Basi akaitwa mbwa. Familia ikashushwa, ikapangwa kando ya barabara gizani, mvua inanyesha, wametoka kuzika. Mbwa akaletwa, wa aina ileile ya Kijerumani ambayo polisi wa Birmingham waliitumia mwaka 1963 dhidi ya waandamanaji weusi. Akazunguka gari, akanusa magurudumu, akanusa milango, hakupata kitu. Miaka kadhaa baadaye Wilkins alisimulia jambo ambalo, kwangu mimi, lina uzito kuliko mbwa. Gari la familia ya kizungu lilipita pale, na ndani yake watoto wawili walikuwa wamebandika pua zao kwenye kioo cha nyuma, wanatazama. Waliona taa za polisi, waliona mbwa, waliona watu weusi wamesimama kwenye mvua. Kwa macho ya watoto wale kesi ilikuwa imekwisha kuamuliwa.

Askari akaandika faini ya dola 105, akawaruhusu waende.

Watu wa namna hii wangekuwa wamekwisha sahaulika kama kijana yule asingekuwa wakili. Mwaka 1993 Wilkins na ndugu zake walifungua kesi dhidi ya polisi wa jimbo, wakisaidiwa na chama cha kutetea haki za raia kiitwacho ACLU. Katika kesi hiyo ukaibuka waraka wa polisi wenyewe, ulioandikwa muda mfupi tu kabla ya siku ile. Waraka uliwatahadharisha askari wa wilaya ile juu ya wauzaji wa kokeni, na ukaeleza kwamba wengi wao ni weusi, wanaume kwa wanawake, na kwamba husafiri usiku wa manane au alfajiri kwa barabara ileile. Soma tena. Weusi, alfajiri, barabara ile. Wilkins alikuwa amekwisha kuandikwa humo. Kilichobaki ilikuwa atokee tu.

Waraka ule haukuzuka Maryland. Katikati ya miaka ya 1980, Marekani ikiwa katika vita vyake vya dawa za kulevya, idara ya shirikisho inayoshughulika na dawa hizo ilianzisha mpango ulioitwa Operation Pipeline, ikawafundisha maelfu ya askari wa majimbo jinsi ya kutambua magari ya wasafirishaji. Angalia gari la kukodi, angalia dereva mwenye wasiwasi, angalia harufu ya manukato mengi, angalia mabaki ya chakula. Ukiorodhesha dalili nyingi kiasi hicho hakuna msafiri wa mbali atakayepona, kwa hiyo mwishowe ni jicho la askari ndilo linaloamua nani asimamishwe. Na jicho lile halikuanza kutazama mwaka 1984.

Inabidi turudi nyuma kidogo. Mwaka 1704 koloni la South Carolina lilianzisha doria za kuwasimamisha watumwa barabarani. Mtu mweusi aliyekutwa nje ya shamba la bwana wake alidaiwa cheti cha ruhusa, na asipokuwa nacho alichapwa. Sisi wa huku neno hili halitupi shida. Jirani zetu Wakenya walivishwa kipande tangu mwanzoni mwa miaka ya 1920, kikaning'inia shingoni ndani ya kijisanduku cha bati kama kengele ya mbuzi, na Harry Thuku akakamatwa mwaka 1922 akiwa miongoni mwa waliokipinga. Anayeufahamu ubaya wa kipande hahitaji kufundishwa ubaya wa doria.

Utumwa ulipokwisha Marekani, barabara hazikuwa huru papo hapo. Gari lilipoingia, Wamarekani weusi wenye uwezo walilipenda kwa sababu moja kubwa: ndani ya gari lako hakuna wa kukuamuru ukae kiti cha nyuma kama kwenye basi. Lakini gari linaishiwa mafuta, dereva anasikia njaa, mtoto anataka kujisaidia, na kila kituo ni mlango unaoweza kufungwa usoni. Kwa hiyo mwaka 1936 mtu mmoja wa Harlem aitwaye Victor Green, mpeleka barua wa posta, akaanza kuchapa kitabu cha mwongozo kilichoorodhesha hoteli, migahawa na gereji ambazo msafiri mweusi angepokelewa. Kiliendelea kutoka hadi miaka ya 1960. Huwa nafikiria sana juu ya mpeleka barua huyu. Hakuandika riwaya, lakini aliandika kitabu kilichowapa watu ramani ya mahali pasipo na aibu.

Turudi mahakamani. Januari 1995 polisi wa Maryland walikubali kumalizana na akina Wilkins nje ya hukumu. Fidia ililipwa, lakini Wilkins na mawakili wake waling'ang'ania sharti jingine ambalo kwa juujuu lilionekana la kikarani kabisa: kuanzia sasa, kila askari anayepekua gari aandike. Nani umempekua, wa rangi gani, wapi, umepata nini. Nusura nilipite jambo hili niliposoma, maana nilikuwa natafuta machozi na ngumi mezani. Kumbe silaha ilikuwa daftari.

Daftari likasema. Kati ya Januari 1995 na Septemba 1996, katika barabara kuu nambari 95 kaskazini ya Baltimore, polisi walipekua magari ya watu 823. Weusi walikuwa 600. Hiyo ni karibu asilimia 73. Polisi wangeweza kujibu, na walijibu, labda weusi ndio wanaoendesha hovyo zaidi. Hapo akaitwa mwalimu wa saikolojia wa Chuo Kikuu cha Temple, John Lamberth, ambaye alifanya jambo la kijinga kwa kulitazama na la busara kwa kulifikiria. Aliingia barabarani na wasaidizi wake wakahesabu magari. Walihesabu zaidi ya magari 5,700. Madereva weusi walikuwa kama asilimia 17. Waliokuwa wanavunja sheria ya barabarani kwa namna moja au nyingine walikuwa asilimia 93 ya madereva wote, weusi kwa weupe. Yaani karibu kila mtu! Na miongoni mwa wavunja sheria hao weusi walikuwa asilimia 17 na nusu.

Tafakari hesabu hiyo. Kama karibu kila gari lina kosa, askari anaweza kumsimamisha yeyote amtakaye, wakati wowote, kwa sababu halali. Sheria ya barabarani inakuwa wavu uliotandazwa barabara nzima, na mvuvi ndiye anayechagua samaki gani amtoe.

Lakini lililowaumbua zaidi ni hili. Katika hao waliopekuliwa, weusi waliokutwa na kitu cha haramu walikuwa kama 28 katika kila 100, na weupe waliokutwa nacho walikuwa kama 28 katika kila 100. Sawasawa! Wasifu ule, uliofundishwa kwa fedha za serikali, haukuwa na akili kuliko kubahatisha. Ulikuwa unakusanya weusi tu.

Jimbo la New Jersey nalo lilikuwa na mkasa wake. Huko mawakili wa kuwatetea wasio na fedha walichoka kuona wateja wao wote waliokamatwa kwenye barabara kuu ya kulipia, Turnpike, ni weusi. Wakamwita Lamberth huyohuyo, tena kabla ya Maryland. Wasaidizi walikaa pembeni ya barabara na darubini wakihesabu magari kwa siku nyingi, zaidi ya magari 42,000, na wakili mmoja akaendesha gari kwa mwendo usiobadilika huku akinakili wanaompita. Magari yenye mtu mweusi ndani yalikuwa asilimia 13 na nusu. Katika waliosimamishwa kwenye kipande kile cha barabara, weusi walikuwa asilimia 35. Machi 1996 jaji Robert Francis aliamua kwamba polisi walikuwa wanawabagua weusi, na ushahidi uliopatikana kwa njia hiyo akautupilia mbali.

Serikali ya jimbo ikakata rufaa. Ilikuwa bado inabisha ilipofika usiku wa tarehe 23 Aprili 1998, askari wawili wakasimamisha gari dogo la abiria lililokuwa na vijana wanne, watatu weusi na mmoja mwenye asili ya Amerika ya Kusini. Walikuwa wanakwenda North Carolina kwa mambo ya mpira wa kikapu. Gari likasogea kinyumenyume, askari wakafyatua risasi 11. Watatu walijeruhiwa. Hapakuwa na silaha wala dawa ndani ya gari.

Mwaka uliofuata mambo yalikwenda mbio. Februari 1999 mkuu wa polisi wa jimbo aliliambia gazeti kwamba biashara ya kokeni na bangi iko zaidi mikononi mwa watu wa jamii za wachache, na gavana Christine Whitman akamfukuza kazi mara moja. Aprili, Mwanasheria Mkuu wa jimbo akatoa ripoti iliyokiri kwamba ubaguzi huo upo kweli wala si wa kufikirika, na kwamba asilimia 77 ya waliopekuliwa walikuwa weusi au wenye asili ya Amerika ya Kusini. Desemba jimbo likatia saini makubaliano na serikali ya shirikisho, likawekwa chini ya macho ya mahakama kwa takriban miaka kumi, hadi 2009. Kila gari la doria lilitakiwa liwe na kamera. Askari aite kituoni kwa redio kabla hajasimamisha, aseme anamsimamisha nani na kwa nini, ili sababu isitungwe baada ya tukio. Akitaka kupekua kwa ridhaa, awe na sababu ya kushuku, na ridhaa iandikwe.

Wale askari wawili walishitakiwa pia kwa kughushi taarifa ili kuficha rangi za watu waliowasimamisha, na mwaka 2002 walikiri makosa madogo wakalipa faini ya dola 280 kila mmoja. Vijana walikuwa wamelipwa na jimbo karibu dola milioni 13 mwaka uliotangulia. Lakini mimi nimekwama kwenye kule kughushi. Palikuwa na ujanja ambao askari wa Turnpike waliupa jina linalotokana na neno mzuka: unanakili namba ya gari la mzungu linalopita zake, unaandika kwamba ulimsimamisha yeye, ili daftari lako lipendeze. Dereva anafika nyumbani hajui kwamba jina lake la gari limekwisha kuigiza katika hadithi ya polisi. Jamani, hawa walikuwa watunzi! Walianza kwa kutunga mshukiwa mweusi, walipobanwa wakatunga na mshukiwa mweupe.

Ndiyo maana sikubaliani na wanaosema andika takwimu, mambo yatanyooka. Daftari ni silaha, lakini kalamu ya daftari iko mkononi mwa huyohuyo anayechunguzwa.

Na sheria je? Hapa kuna kitendawili. Mwaka huohuo wa 1996, jaji wa New Jersey alipokwisha kuamua vile, Mahakama ya Juu ya Marekani iliamua kesi iitwayo Whren. Askari wa kupambana na dawa walikuwa wanazunguka Washington katika gari lisilo na alama, wakaona gari lenye vijana weusi limekawia kwenye alama ya kusimama, kisha likakata kona ghafla bila kuonyesha taa. Wakalisimamisha, wakaona kokeni mikononi mwa abiria. Wakili wa utetezi akasema, hawa hawakujali taa wala kona, walitafuta kisingizio. Majaji wote tisa wakajibu kwamba haidhuru. Mradi kosa la barabarani limetendeka, nia iliyo moyoni mwa askari haichunguzwi kwa kifungu kile cha katiba kinachohusu upekuzi. Mwenye kulalamikia ubaguzi wa rangi akatumie kifungu kingine, cha usawa. Na kifungu hicho kingine kinadai uthibitishe nia ya kubagua, ambayo askari gani ataiandika?

Unganisha uamuzi huo na zile asilimia 93 za Lamberth. Kila mtu ana kosa, na nia haichunguzwi. Mlango uko wazi.

Watafiti nao hawakulala. Kwa kuwa nia haionekani, wakatafuta njia ya kuipima bila kumuuliza askari, na njia waliyoipata inanipendeza kama fumbo zuri. Wakasema: usiku askari hawezi kuona rangi ya dereva kirahisi. Sasa chukua saa moja ya jioni. Huko kwao saa moja ya kiangazi bado kuna jua, saa moja ya majira ya baridi ni giza totoro. Saa ni ileile, watu wanaotoka kazini ni walewale, kilichobadilika ni mwanga tu. Kama askari hatazami rangi, sehemu ya weusi katika wanaosimamishwa haitabadilika. (Hapa Dar es Salaam jaribio hilo lisingewezekana, jua letu huzama kati ya saa kumi na mbili na saa moja mwaka mzima, halina deni na mtu.) Chuo Kikuu cha Stanford kilikusanya rekodi za karibu mara milioni 100 ambazo polisi walisimamisha magari nchini kote, na matokeo yakachapishwa mwaka 2020. Giza likiingia, sehemu ya weusi katika wanaosimamishwa inapungua. Giza, ambalo katika hadithi zetu zote ni la kutisha, kwa dereva mweusi wa Marekani ni mwavuli.

Kuna mtu ambaye mwavuli huo haukumfaa. Philando Castile alifanya kazi jikoni katika shule ya watoto mjini St. Paul, Minnesota. Tangu alipokuwa na umri wa miaka 19 alikuwa amesimamishwa na polisi mara zisizopungua 46, karibu zote kwa vitu vidogovidogo. Mara ya mwisho ilikuwa tarehe 6 Julai 2016, saa tatu ya usiku. Taa ya nyuma ndiyo iliyotajwa, ingawa askari alikuwa amesema kwenye redio kwamba dereva anafanana na mtu anayetafutwa. Castile alimwambia askari kwa utulivu kwamba ana bastola, ambayo aliimiliki kihalali, na baada ya sekunde chache akapigwa risasi. Mtoto mdogo alikuwa kiti cha nyuma. Mwaka uliofuata baraza la wazee wa mahakama lilimwachia huru askari huyo. Kila nikisoma habari hii narudi kwenye ile 46. Mtu mmoja asimamishwe mara 46, ni bahati tu ndiyo inayoamua ni ya ngapi itakuwa ya mwisho.

Kwa hiyo kikazuka kizazi cha watu waliosema tuache kuulizana nani ana roho mbaya, tupunguze hizo mara 46. Mji wa Fayetteville, North Carolina, ulipata mkuu wa polisi, Harold Medlock, aliyeongoza kuanzia 2013 hadi 2016. Aliwaelekeza askari wake waache kuhangaika na stika na vitaa, wakazane na makosa yanayoua watu: mwendo kasi, kupita taa nyekundu, ulevi. Watafiti walipochunguza baadaye waliona sehemu ya weusi katika wanaosimamishwa imeshuka, vifo vya ajali vimepungua, na uhalifu haukupanda kama waoga walivyotabiri. Philadelphia ikafuata kwa sheria iliyopitishwa Oktoba 2021 na kuanza kutumika mwaka uliofuata. Makosa manane madogo, kama taa moja iliyoungua au kitu kinachoning'inia kwenye kioo cha ndani, hayatoshi tena peke yake kumfanya askari amsimamishe mtu. Kwa maoni yangu hii ndiyo dawa iliyo karibu zaidi na ugonjwa, kwa sababu inarudi kwenye ule wavu na kukata matundu yawe makubwa.

Msidhani imepokelewa kwa vigelegele. Januari 2023 huko Memphis, kijana mweusi Tyre Nichols alisimamishwa barabarani, akapigwa na askari, akafariki baada ya siku tatu. Askari watano walioshitakiwa kwa kipigo kile wote walikuwa weusi. Wapo waliosema, si mnaona, basi suala si rangi. Mimi naona kinyume. Mhusika akishaandikwa vizuri, mwigizaji yeyote anaweza kupewa kitabu asome sehemu yake, hata awe ndugu yako. Baraza la mji la Memphis lilipitisha Aprili mwaka huo sheria kama ya Philadelphia, wakaipa jina la marehemu. Machi 2024 jimbo la Tennessee likaifuta, likisema miji haina mamlaka ya kuwazuia polisi kutekeleza sheria za barabarani.

Na Robert Wilkins? Kesi yake na polisi wa Maryland ilizaa kesi nyingine, maana daftari lilipoonyesha kwamba hawajabadilika walirudishwa mahakamani, na suluhu ya mwisho haikupatikana hadi 2008, miaka 16 tangu mvua ile. Katika miaka hiyo alijishughulisha pia na jambo lingine, kuipigania nchi yake ijenge jumba la makumbusho la historia ya watu weusi katikati ya Washington. Lilifunguliwa 2016. Mwaka 2010 aliteuliwa na Rais Obama kuwa jaji wa shirikisho, na mwaka 2014 akapandishwa kwenda Mahakama ya Rufaa ya mji huohuo wa Washington.

Ni mahakama ileile ambayo kesi ya Whren ilipitia mwaka 1995 ikielekea juu. Na jaji wa mahakama ya chini, awe alipata kusimamishwa kwenye mvua au hakupata, anafungwa na uamuzi wa Mahakama ya Juu. Akiletewa dereva aliyesimamishwa kwa kisingizio, mzee huyu wa daftari hana ruhusa ya kuuliza askari alikuwa na nia gani.